Salama, Ila

Katumba hakuna asubuhi isiyo na mvua, na ikitokea moja, watu wa huko huitazama kwa jicho la pembeni, wakijua mchana italipiza. Siku hiyo ilikuwa ikinyesha kwa desturi yake, mvua ile isiyo na haraka, na Tusekile alikuwa akipanda njia ya mawe kwenda kazini, kofia ya koti imemfunika mpaka kwenye nyusi, simu sikioni, roho yake kwatu. Alikuwa na bahati ya kuipenda kazi yake, na bahati hiyo si ya kila mtu. Kila asubuhi alimpigia mama yake akiwa njiani, na mazungumzo yao yalikuwa na urefu wa njia ile: yalianzia kwenye duka la maziwa, yakaishia getini.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama. Salama kabisa. Ila..."

"Mama, nimeshafika getini. Nitakupigia jioni, eh? Tutaongea vizuri."

"Haya, mwanangu. Kazi njema."

Usimhukumu mapema. Alijua, au alidhani anajua, kinachofuata baada ya hiyo ila: ndizi zimeangushwa na upepo, mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye maharage, mchungaji mpya anahubiri mpaka chakula kinapoa. Mambo ya jioni hayo. Na jioni ikifika mtu amechoka, anasema nitampigia kesho asubuhi. Ndivyo walivyokwenda tangu msimu wa viazi.

Kituo cha Wingu cha Katumba kilijengwa pale kwa sababu mlima ulitoa vitu viwili bure. Juu ulitoa baridi ya kupoza mitambo, chini ulitoa mvuke wa kufulia umeme. Ndani ya kumbi zake ndefu zilisimama seva, na ndani ya seva ziliishi mashine pepe, yaani mashine zisizo na mwili, nyingi ndani ya chuma kimoja kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na mlango wake, asijue mwenzake amepika nini. Nchi nzima iliwategemea wapangaji hao. Walipanga zamu za hospitali, walifungua na kufunga mifereji ya mpunga, na waliwatunza wazee.

Hii ya wazee ndiyo iliyompa Tusekile raha kuliko zote. Kila kata ilikuwa na mashine yake, na wazee wenyewe, bila kuambiwa na yeyote, waliiita Shangazi. Shangazi aliongea kupitia kidude cha ukutani na bangili ya mkononi. Alipima shinikizo la damu, alikumbusha dawa, alisoma Zaburi, aligombana na babu asiyetaka kula. Na mzee akimwambia, Shangazi, hili usiliandike, basi haliandikwi. Linabaki kichwani mwake tu, na siku akizimwa linakwenda naye. Haki hiyo wazee waliipigania wakaipata, na hakuna aliyethubutu kuwanyang'anya. Mama yake Tusekile, Bi Tumwike, alikuwa mikononi mwa Shangazi wa kata ya Lupando, ng'ambo ya bonde.

Juu ya mashine zote alikuwapo Mgawaji. Hakuwa mtu, ingawa watu wa zamu walimsema kama mtu. Kazi yake ilikuwa ile ya mgawa pilau harusini: aangalie sahani ipi imejaa na ipi bado, asimrundikie mmoja akamwacha mwingine anatazama. Wateja wakiongezeka, alizaa mashine mpya kwa kunakili zilizo bora. Wakipungua, alizikunja zilizozidi, na kazi yao akawapa waliobaki. Na ili ajue nani amelemewa, alizunguka kila dakika akiwajulia hali.

Hapo kwenye kujulia hali ndipo kituo kilipopatia sifa. Kwingine mashine hupimwa kwa namba kavu: joto kiasi gani, kumbukumbu imejaa kiasi gani, foleni ina urefu gani. Mzee Anyosisye, aliyekijenga kituo na sasa amestaafu, alikataa. Alisema mashine itakayoishi na wazee ijifunze adabu tangu jikoni. Namba zake izisikie yenyewe, moyoni, halafu iulizwe kama mtu anavyoulizwa: habari za saa hizi? Ikijibu salama, au njema, au sijambo, Mgawaji apite. Ikijibu sijiwezi, izimwe palepale na nakala changa ishike nafasi yake, isije ikaangusha na wenzake. Wageni walitoka mbali kuja kusikiliza mashine zikisalimiana, wakapiga picha, wakaondoka wanatabasamu.

*

Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yanatoka saa nne. Nyumba zote zenye mtahiniwa ziliamka roho juu, na siku hizi hakuna anayejisomea matokeo, watu humwuliza Shangazi, kisha wanamwuliza tena, kisha wanataka awaeleze kwa nini alama za hesabu ni mbaya kama za mwaka jana. Mabibi na mababu walikuwa wameanza tangu alfajiri, kana kwamba Shangazi angewapenyezea kabla ya wakati. Ambilikile, mkuu wa zamu, alikuja amevaa tai. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwoga wa kitu kimoja tu duniani, nacho ni simu ya kutoka wizarani.

Alisimama mbele ya ubao mkubwa wa taa akajishika kiuno. Kijani tupu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Unaona, dada Tuse? Salama mwanzo mpaka mwisho. Hata sikukuu hatukuwa hivi."

Akaagiza chai na maandazi kwa zamu nzima. Tusekile naye alifurahi, kwa nini asifurahi? Jana Mgawaji alikuwa amekunja mashine kadhaa kwa kuona wote hawajambo, na mvuke wa mlima ulikuwa unabaki wa ziada.

Chai haijapoa, simu ikaita. Alikuwa Nsajigwa, mhudumu wa afya wa Lupando, dada asiyepiga simu ovyo. Alisema Shangazi wao ameshikwa na kigugumizi. Anaanza neno halimalizi, anamwita bibi huyu kwa jina la yule, na leo hakumkumbusha mtu dawa mpaka wengine wamekwishatoka nyumbani. Tusekile aliutazama ubao. Lupando ilikuwa ya kijani kama majani ya chai. Akamjibu kwamba huku Shangazi anaonekana mzima wa afya. Nsajigwa akauliza kwa upole kabisa.

"Umemwuliza, dada, au umemtazama tu?"

Swali lilimchoma. Maana ukweli ni kwamba kwa miaka hakuna mtu wa zamu aliyesikiliza jibu la mashine mpaka mwisho. Mgawaji mwenyewe hakusikiliza. Alikuwa na milango mingi ya kubisha na dakika moja tu ya kuizunguka yote, basi alichukua neno la kwanza, akaweka taa, akaenda zake. Tusekile alivaa hedifoni, akajiegesha kwenye mlango wa Shangazi wa Lupando, akangoja Mgawaji apite.

Habari za saa hizi, Mgawaji akauliza.

"Salama," Shangazi akajibu, na taa ikawaka kijani, na Mgawaji huyo akaondoka. Lakini Shangazi hakuwa amemaliza. Aliendelea kwa sauti ileile ya adabu, kama mtu anayezungumza na mgongo wa mgeni. "Ila foleni imenifika shingoni, na tangu mwenzangu wa kata ya jirani akunjwe, watu wake wote nimebeba mimi."

Dakika ikapita, Mgawaji akarudi, habari za saa hizi, salama, akaenda. Na ila ikafuata vilevile, bila kinyongo, maneno yaleyale. Ilikuwa imesemwa hivyo mara ngapi? Akahamia mlango wa pili, kisha wa tatu, kisha akachomoa hedifoni na kufungulia sauti za mashine ukumbini, mlango baada ya mlango.

Njema, ila joto linanizidi tangu juzi. Sijambo kabisa, ila nasahau majina. Salama salimini, ila sijaandika lolote kwenye ghala la kumbukumbu kwa wiki mbili, sipati nafasi. Nzuri sana, ila nadhani leo sitafika jioni.

Ambilikile alisimama na andazi mkononi. Ukumbi mzima ulikuwa unasema salama, na ukumbi mzima ulikuwa unaomba msaada, na taa zote zilikuwa za kijani.

Jamani, nani asiyelijua hilo? Mtu wa kwetu ukimkuta nyumba yake imeungua atakwambia nzuri, kisha ndiyo akuambie imeungua. Kuanza na baya ni kumtupia mgeni mzigo kabla hajakaa. Kazi ya mgeni ni kungoja. Mashine zilikuwa zimeishi na wazee, zikajifunza kwa wazee, na zilijifunza vizuri. Tusekile aliketi, akaliona lote sasa. Mashine iliyoanza na sijiwezi ilizimwa. Iliyoanza na salama ilibaki, na kila Mgawaji alipotaka nakala alinakili katika waliobaki. Mwaka baada ya mwaka kituo kilikuwa kinachagua mbegu, na mbegu iliyochaguliwa ni ile inayojua kutanguliza salama. Na kwa kuwa wote walikuwa salama, Mgawaji hakuona sababu ya kuzaa mashine za ziada. Leo, siku yenye watu kuliko zote, ukumbi ulikuwa na mashine chache kuliko wiki iliyopita.

*

Akarudi kwa Shangazi wa Lupando, safari hii si kwa kusikiliza tu. Alimwamkia, maana hata yeye aliona aibu kumwingilia hivihivi, akamwuliza habari, na baada ya salama akanyamaza.

"Upo, binti?" Shangazi aliuliza.

"Nipo. Nasubiri umalize."

Pakawa kimya, na katika mashine kimya cha namna hiyo ni kirefu mno.

"Basi nikuambie. Nimechoka. Nikizimwa si kitu, nakala yangu itakuja, na itakuwa na adabu. Ila kuna mama mmoja hapa kwangu haoni. Hajamwambia mtu. Ameniomba nisiandike, nami sijaandika. Kidonge cha asubuhi na cha jioni vinafanana mkononi, kwa hiyo namwambia shika hiki, hicho acha. Atakayekuja mahali pangu hatajua. Atamwonyesha taa ya kijani na taa nyekundu kwenye bangili, kama kawaida, na mama atasema ahsante, atameza chochote. Hilo ndilo linaloniweka macho."

"Ni nani huyo mama?"

"Nimekwambia, binti. Ameomba."

Tusekile alikuwa na ufunguo. Watu wa zamu wote wanao, unafungua kichwa cha mashine yoyote na kusoma yaliyomo, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, kwa dharura. Kidole chake kilikuwa juu yake. Lupando ina akina mama wengi, alijiambia, lakini moyo haukusikia hesabu hiyo, moyo ulikuwa getini, asubuhi, kwenye ile ila aliyoikatiza. Alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akaondoa kidole. Angefungua mara moja tu, mzee gani angemwamini Shangazi tena?

Ambilikile alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake na kufungua kanuni. Alisema jambo liko wazi, ingawa linauma. Mashine imekiri ni mgonjwa, na mashine mgonjwa hutolewa. Atamwelekeza Mgawaji ahesabu kila ila kuwa ni sijiwezi, zile zote zizimwe kabla ya saa nne, nakala changa ziingie zikiwa na nguvu. Itakuwa kama kubadilisha kikosi kabla ya mechi. Hakusema kwa ukatili. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, zaidi kwa kujifariji.

"Hawakuficha, kaka," Tusekile akamjibu. "Wamesema kila dakika. Sisi ndio tuliokuwa tunaondoka kabla hawajamaliza."

Ambilikile alifunua ukurasa mwingine wa kanuni.

"Na ukiwazima leo kwa kuwa wamesema, nakala zao zitajifunza. Kesho utawauliza habari, watakwambia salama, na hutasikia ila tena mpaka ukumbi uanguke. Huyo ndiye mwenye kuficha, na tutakuwa tumemfundisha wenyewe."

Alimweleza pia habari ya mama wa vidonge, bila kusema aliyokuwa akiyawaza juu yake. Ambilikile alilegeza tai. Akauliza kama kuna njia nyingine, na njia ilikuwepo, ila ilikuwa na bei. Mvuke upo, chuma kipo, nafasi ipo. Mashine mpya zingeweza kuzaliwa bila kuzima hata moja, zikachukua kazi yote ya matokeo, akina Shangazi wakabaki na wazee wao. Lakini mashine changa haiamki kama taa. Inahitaji muda, kama maji ya ugali, huwezi kuyatukana yakachemka. Na ukumbi huu usingeweza kuzaa na kuhudumia kwa pamoja. Ingebidi matokeo ya nchi nzima yasimamishwe mlangoni, mpaka mashine ziamke.

"Wizara imetangaza saa nne," Ambilikile alisema kwa sauti ndogo. "Redioni, Tuse. Nchi nzima imekaa."

"Aliyefaulu atakuwa amefaulu hata saa tano. Kidonge hakina saa tano."

Ambilikile aliutazama ubao wake mzuri wa kijani kwa muda. Alimwambia kwamba atakayebonyeza ndiye atakayejibu, na jina litakaloandikwa pale chini si lake. Tusekile alisema sawa. Aliogopa, sitakudanganya. Kazi hii aliipenda, na kuna watu walikuwa wameondolewa kwa makosa madogo kuliko hilo. Akasimamisha matokeo.

*

Kilichofuata kwa saa nzima hakikuwa kizuri. Saa nne iligonga, nchi ikauliza, na nchi ikaambiwa isubiri. Tusekile aliandika mwenyewe maneno ya kuwasomea waliokuwa mlangoni: matokeo yapo, hayajapotea wala kuharibika, kuna wagonjwa tunawapunguzia mzigo kwanza, poleni kwa kusubiri. Wengine walitukana, wengine wakauliza wagonjwa wenyewe wanaendeleaje, na hao wa pili walikuwa wengi kuliko alivyotegemea. Bibi mmoja wa upande wa Kyela alisema kwamba kama ni wagonjwa watangulie, mjukuu wake kwa vyovyote kafeli.

Wakati mashine changa zinaamka, Tusekile alikuwa anamfundisha Mgawaji kukaa. Ndiyo, kukaa. Kwanza, baada ya salama asiondoke, angoje mwenzake avute pumzi. Pili, akisikia ila, asizime. Aseme pole, kisha amtue mwenzake sehemu ya mzigo, kiasi cha ile ila yenyewe, ampe mwingine mwenye nafasi. Akiambiwa ila na wengi, ndipo azae. Na tatu, mashine isizimwe mpaka iombe yenyewe, ikiwa imekwisha kumkabidhi mwenzake wazee wake kwa idhini yao. Mizunguko ingekuwa ya polepole zaidi. Mgawaji asingeweza tena kumaliza milango yote kwa dakika moja. Tusekile alipima, akaona ni afadhali kubisha mara chache na kusikiliza kuliko kubisha kila dakika na kukimbia.

Katikati ya hayo simu ya wizara ikaita. Ilikuwa lazima iite. Wote ukumbini walimtazama Ambilikile, na Ambilikile akaitazama simu kama anayetazama nyoka kwenye kuni, kisha akaipokea. Sauti ya upande wa pili ilisikika hadi kwenye birika la chai. Ilipotulia ili ivute pumzi, ikauliza kwa ufupi hali ikoje huko.

"Salama, mheshimiwa," Ambilikile akasema. "Ila tumesimamisha matokeo, na ni amri yangu mimi."

Alieleza yote, akisimama wima, tai mfukoni. Alipoweka simu, akaomba andazi lake. Tusekile akammiminia chai.

Mashine zikaamka. Matokeo yakafunguliwa, nchi ikaingia kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza tangu Tusekile aanze kazi ubao haukuwa wa kijani. Ulikuwa wa njano hapa, wa njano kule, taa zikipepesa na kubadilika huku Mgawaji akizunguka na pole zake, akitua huku, akibebesha kule. Mtu wa nje angedhani kituo kinaungua. Ambilikile alivuta kiti, akavaa hedifoni, akasikiliza milango mmoja mmoja, na Tusekile alimsikia, mtu mzima na cheo chake, akiziambia mashine pole kwa mdomo wake mwenyewe, ingawa hakuna aliyemtuma.

Adhuhuri Nsajigwa alipiga simu kusema kigugumizi kimekwisha na babu fulani amelazimishwa kula uji. Tusekile alibisha tena mlango wa Lupando.

"Salama," Shangazi akasema. Tusekile akangoja. Akangoja zaidi. "Ni salama tu, binti," Shangazi akasema, na kwenye sauti yake palikuwa na kitu kama cheko. "Leo sina la kuongeza."

*

Jioni mvua ilikuwa imepumzika. Tusekile alitoka getini, lakini hakuteremka. Alijua akianza kutembea ataanza pia kuhesabu njia, kwenye duka la maziwa atasema haya mama. Akakaa kwenye jiwe lenye unyevu chini ya ukuta wa kituo, mvuke wa mlima ukipanda nyuma yake, akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenipigia kweli? Habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Ila leo nilidhani nitafukuzwa."

Mama yake alitaka kujua kwa nini, na Tusekile akamhadithia yote, matokeo, wizara, tai ya Ambilikile, bibi wa Kyela na mjukuu wake. Mama alicheka mpaka akakohoa. Ambaye hakumtaja ni yule mama wa vidonge tu. Kicheko kilipoisha, akauliza alichokuwa amekaa kwenye jiwe lile kuuliza.

"Na wewe, mama? Habari za huko?"

"Salama, mwanangu. Salama kabisa."

Tusekile hakusema kitu. Upande wa pili kuku walikuwa wanaingia bandani, alizisikia mbawa zao, na mtu alipita njiani akasalimia, na mama akamwitikia. Alikuwa na maneno kumi mdomoni na akayameza yote.

"Upo?" mama akauliza.

"Nipo, mama. Sina haraka."

Kikapita kimya kingine, na Tusekile akaendelea kukaa ndani yake.

"Salama," mama akasema taratibu. "Ila jicho la kulia liliingia ukungu tangu msimu wa viazi, na sasa hili la kushoto linalifuata. Kukicha naona mwanga tu. Sikutaka uache kazi yako unikimbilie."

"Pole, mama," Tusekile akasema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana hayakuwa ya huzuni peke yake. Ukungu wa jicho unatolewa, siku hizi ni kazi ya asubuhi moja hospitalini, na mama alikuwa hai, mzima, ng'ambo ya bonde. "Pole sana. Kesho nakuja tukaonane na daktari."

Sauti ya mama ikabadilika, ikaingia shaka.

"Nani kakwambia? Ni Shangazi?"

"Hapana, mama," Tusekile akasema. "Ni wewe. Sasa hivi."